Strathmore au USIU: nimelipa karo pande zote mbili, haya ndiyo niliyoyaona

Kila Januari matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitangazwa, simu yangu haipumziki. Walimu wenzangu, majirani hapa Kisauni, Mombasa, hata akina mama ninaokutana nao harusini, wote wanajua watoto wangu wawili wamesomea vyuo vikuu vya kibinafsi Nairobi. Kijana alikwenda Strathmore, binti akaenda USIU, yaani United States International University, na wote wamemaliza. Swali huwa ni lile lile: "Mwalimu, kipi bora?" Nimelijibu kwa simu vipande vipande mpaka nimeona heri niliandike lote mahali pamoja, kwa sababu pesa inayozungumzwa hapa ni ya kuuza kiwanja, na mtoto akishaingia mwaka wa pili si rahisi tena kurudi nyuma.

Jibu langu nalitanguliza. Vyote viwili ni vyuo vizuri, na mtoto aliyehitimu kimojawapo haingii ofisi ya mtu akiwa mnyonge. Ila vinalea kwa njia mbili zilizo mbali mno. Strathmore inakushika mkono. USIU inakuachia. Kuna mtoto ambaye bila kushikwa mkono hafiki, na kuna mtoto ambaye akishikwa mkono kila siku ananyauka. Mzazi akimjua mtoto wake ni yupi kati ya hao wawili, nusu ya kazi imekwisha.

Strathmore kwanza, kwa kuwa ndiyo niliyoanza kuilipa. Mambo yake mengi hayaeleweki bila kujua ilikotoka. Ilianza mwaka 1961 kama chuo cha kidato cha tano na cha sita, wakati shule za Kenya bado zilikuwa zimegawanywa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, nayo ikawapokea watoto wa rangi zote na dini zote darasa moja. Waliokianzisha ni watu wa Opus Dei, jumuiya ya Kanisa Katoliki, na mkono wao bado uko pale. Mwaka 1966 wakaanza kufundisha uhasibu, na kwa miaka mingi jina Strathmore kwa Mkenya wa kawaida lilikuwa na maana ya mhasibu. Kibali cha kuwa chuo kikuu kilikuja mwaka 2002, na hati kamili mwaka 2008. Kwa hiyo unapoingia pale ukaona vijana wamebana mashati ndani ya suruali, wanawahi, wanahesabu kila kitu, usishangae. Ni chuo kilichotoka kwa wahasibu.

Kijana wangu alichukua BBIT, yaani biashara na teknolojia ya habari pamoja. Kuingia kwenyewe kulikuwa na mtihani wake juu ya alama za KCSE, na hapo nilipenda, kwa sababu mtihani ule unamwonyesha mtoto mapema hesabu anazokwenda kukutana nazo. Baadaye ndiyo mambo yakaanza. Kaptura hazipiti, ndara hazipiti, nguo zilizochanika kwa mtindo hazipiti. Mahudhurio yanaandikwa, na ukikosa zaidi ya theluthi moja ya vipindi vya somo, mtihani wa somo hilo huukalii. Kila mwanafunzi ana mlezi wake, mtu mzima wa kukaa naye mara kwa mara na kumuuliza masomo yakoje, nyumbani kukoje, pesa zikoje. Kijana wangu alikuwa mtu wa kulala usiku wa manane na kuamka saa nne. Muhula wa kwanza tu, nilimpigia saa moja asubuhi kumjulia hali nikamkuta yuko njiani kwenda darasani. Mimi niliyemlea miaka kumi na minane sikuwahi kumpata saa moja asubuhi akiwa ameshapiga pasi.

Darasa lao linakwenda pamoja. Kundi lililoanza mwaka wa kwanza ndilo linalosoma yuniti zile zile kwa mpangilio ule ule hadi mwisho. Ubaya wake nitausema, lakini uzuri wake ni mkubwa: wanajuana. Kazi za vikundi wanafanya na watu ambao wanajua nani anaandika, nani anajua kuprogramu, nani atatoroka. Mradi wa mwaka wa mwisho, ule wa kujenga mfumo na kuutetea mbele ya wahadhiri, kijana wangu aliufanyia rehearsal zaidi ya wiki moja na wenzake wale wale wa tangu mwaka wa kwanza, wakikatana maneno kama jopo lenyewe. Kazi yake ya kwanza aliipata kupitia mmoja wao.

Kuna jambo moja la Strathmore wazazi wengi hawaulizi, nami naliona ni bora kuliko majengo. Kila mwanafunzi, awe wa sheria, wa kompyuta au wa biashara, anasoma falsafa na maadili, na anafanya kazi ya kujitolea katika jamii kwa saa 200. Kijana wangu alizifanya zake katika shule ya msingi ndogo huko Kibera, akifundisha watoto kompyuta kwa mashine nne ambazo mbili haziwaki. Alikuwa na fomu ya kujaza saa alizofika na alizotoka, na msimamizi akitia sahihi. Wiki ya kwanza alilalamika kwangu kila jioni. Wiki ya tatu alinipigia kuniuliza mimi, mwalimu, namna ya kumfundisha mtoto ambaye anaogopa kugusa kitu asikiharibu. Tulizungumza saa nzima. Hajawahi kuniuliza swali la kazi yangu kabla ya hapo.

Na dini? Hilo najua ndilo linalowakwaza wengi wetu huku Pwani. Marehemu baba yao alikuwa na wasiwasi sana, Mwislamu kupelekwa chuo chenye kanisa katikati. Nilichokiona ni hiki: misa inasomwa, anayetaka anakwenda, asiyetaka haulizwi. Kijana wangu Ijumaa alikuwa akienda kuswali South C na kurudi, na hakuna aliyemfanya ajione mgeni. Somo la maadili linafundishwa kwa hoja, si kwa mahubiri. Alibishana na mhadhiri wake muhula mzima kuhusu kampuni kuuza taarifa za wateja waliokubali masharti bila kuyasoma, na alama zake hazikupungua kwa ubishi huo. Lakini mzazi ajue anachokichagua: chuo kina msimamo wake wa kimaadili, na hakifichi. Mtoto anayechukia kuambiwa hili ni jema na lile ni baya ataumia miaka minne.

Sasa ubaya wake. Ngazi ya Strathmore ni moja na ina upana mdogo. Ukiingia kozi ukagundua si yako, kuhama ni kazi, na mara nyingi ni kama kuanza upya. Mwana wa mwalimu mwenzangu aliingia uchumi wa fedha kwa sababu ya alama nzuri za hesabu. Alama zilikuwepo ila hamu haikuwepo. Alivumilia miaka miwili ndipo akasema, na wakati huo kundi lake lilikuwa limeshakwenda. Pia usitegemee mabweni. Pale Madaraka, mtaa kilipo chuo, vijana wengi wanapanga, hasa Siwaka ambako unatoka nyumbani kwa miguu ukafika darasani dakika chache, na wengine Nairobi West. Kodi ya chumba karibu na chuo ina bei ya chuo. Anayetafuta nafuu anakwenda mbali kidogo, na matatu za Langata na Rongai zinapita T-Mall, hapo anashuka na kutembea.

USIU ni hadithi nyingine. Ilianzishwa mwaka 1969 na mama mmoja Mmarekani, Dkt. Lillian Beam, ikiwa tawi la chuo kilichokuwa San Diego, California. Maktaba yao leo ina jina lake. Hati ya Kenya waliipata mwaka 1999, na tangu 2008 wana ithibati ya Marekani pia, ile ya WSCUC, inayothibitisha vyuo vya California. Neno Africa liliongezwa kwenye jina mwaka 2014. Historia hiyo si pambo. Mfumo mzima ni wa Kimarekani: kuna krediti, yaani pointi za kila somo, kuna GPA, yaani wastani wa alama, ya hadi 4.0, kuna masomo ya jumla ambayo kila mtu anayapitia kabla ya kuzama kwenye fani yake, na mwanafunzi mwenyewe ndiye anayepanga ratiba yake.

Hilo la kupanga ratiba ndilo lililonishtua mimi. Binti yangu alikuwa nyumbani likizo wakati usajili wa muhula ulipofunguliwa. Akakaa sebuleni, laputopu mapajani, simu yangu ndiyo inayomgawia intaneti, huku simu yake inalia jumbe za wenzake: chukua ya Jumanne na Alhamisi, usichukue ya Jumatatu na Jumatano, mhadhiri yule amejaa, ingia kwa huyu. Somo moja linafundishwa na wahadhiri watatu kwa nyakati tofauti, na nafasi za yule anayependwa zinakwisha mapema. Nikamuuliza, "Mama, hakuna mtu wa kuwapangia?" Akaniambia yupo mshauri wa masomo, na amekwisha kuzungumza naye, lakini uamuzi ni wake. Binti wa miaka kumi na tisa anaamua asome nini lini na kwa nani. Nilikaa kimya nikamtazama akifanya hesabu za krediti kwa kalamu nyuma ya bahasha ya bili ya maji, yuniti hii ina sharti la kupita ile kwanza, hii inatolewa muhula ujao tu, nikaona kwamba kupanga huko kwenyewe ni somo.

Aliingia kusomea biashara ya kimataifa. Ndio uliokuwa mpango, sote tulikubaliana. Mwaka wa kwanza, katika yale masomo ya jumla, akakutana na siasa za dunia, akanipigia simu akilia kwa furaha kwamba amepata kitu chake. Akahamia Mahusiano ya Kimataifa. Yuniti alizokuwa amesoma karibu zote zilihesabiwa, akaendelea. Fikiria hilo lingekuwa kwenye chuo ambacho kundi linakwenda pamoja. Hapo ndipo thamani ya USIU ilipo, na mzazi anayesema mtoto wake "hajajua anachotaka" asione haya. Wapo vijana wa miaka kumi na minane wenye akili nzuri tu ambao hawajajua, na USIU inawapa mahali pa kujua bila kuwapotezea mwaka.

La pili ni watu. USIU ina wanafunzi wa mataifa zaidi ya 70. Kwa anayesomea kompyuta huenda hilo halina uzito, lakini kwa kozi ya binti yangu lilikuwa nusu ya elimu. Waliposoma migogoro ya Maziwa Makuu, kundi lake la watu wanne lilikuwa na kijana wa Goma na msichana wa Kigali. Siku ya kwanza hawakuweza kumaliza aya moja ya kazi, kila mmoja anamwambia mwenzake kwamba alichokisema si kweli. Mhadhiri hakuwatenganisha. Aliwataka waandike wanapokubaliana, na wanapokosana waandike kwa nini wanakosana. Binti yangu alikuwa katikati kama mkalimani, Kiswahili chake cha Mombasa ndicho kilichowakalisha, kwa kuwa yule wa Goma Kiswahili kilikuwa cha kwao na yule wa Kigali alikijua cha kutosha. Kazi hiyo bado ninayo kwenye kabati langu. Ni nzuri, na kitabu hakingempa.

Tena Gigiri yalipo makao ya Umoja wa Mataifa, UNEP na UN-Habitat, si mbali na Kasarani kilipo chuo. Mafunzo ya kazini ya binti yangu yalikuwa kwenye shirika dogo linalofanya kazi na wakimbizi, lakini mihadhara ya wageni kutoka Gigiri aliihudhuria mara kwa mara, akawa anajua majina na idara kabla ya kutafuta kazi.

Darasani USIU wanataka mtu azungumze. Kushiriki kunahesabiwa kwenye alama, kuna majaribio madogo ya ghafla, kuna kusimama kuwasilisha karibu kila somo. Mtoto aliyezoea shule yetu ya kukariri na kungoja mtihani wa mwisho atashtuka. Mtoto mwenye haya atashtuka zaidi, ingawa wengine ndiko wanakopona. Binti wa shemeji yangu aliyekuwa haongei hata mezani alitoka pale anaongoza vikao.

Ubaya wa USIU unatoka kwenye uzuri wake. Hakuna anayekuamsha. Wapo wahadhiri wanaofuatilia mahudhurio kwa ukali, lakini maisha mengine ni yako. Mwaka wa kwanza binti yangu alikaa hosteli ya ndani ya chuo, na hilo namshauri kila mzazi anayetoka nje ya Nairobi. Mwaka wa pili alipanga Roysambu, upande wa Mirema, na Mirema tuseme ukweli, usingizi ni wa kununua. Muziki Alhamisi mpaka Jumapili. Vijana wa kutosha wanapotelea pale, wanaacha yuniti moja muhula huu, mbili muhula ujao, na digrii ya miaka minne inakwenda sita. GPA ikishuka chini ya 2.0 anawekwa chini ya uangalizi, lakini mzazi aliyeko Mombasa anaweza kuchelewa sana kujua. Na karo pale ni ya kila yuniti, kwa hiyo yuniti iliyorudiwa inalipwa mara ya pili. Mzazi aulize transkripti kila mwisho wa muhula, aione kwa macho yake. Kijana akikasirika na akasirike.

Jambo jingine ni matumizi. Maegesho ya USIU yamejaa magari ya wanafunzi. Mtoto wa mwalimu akikaa na watoto wanaokula chakula cha mchana kwa bei ya matumizi yake ya wiki, lazima awe na moyo wa kusema "mimi sina." Binti yangu alikuwa nao. Alifanya kazi za ndani za chuo, zile za kupunguza karo, akihudumu maktaba, na hakuona aibu. Ila ninamjua mwingine aliyekopa marafiki hadi akashindwa kurudi muhula uliofuata. Strathmore pia wapo wenye mali, lakini ile kanuni ya mavazi na kule kukaa wote darasa moja kunapunguza kujitanua.

Kuhusu kozi zenyewe niseme kwa kifupi. Sheria, nenda Strathmore, kitivo chao kilianza mwaka 2012 na kimejijengea heshima haraka. Mzazi aulize tu mapema masharti ya alama za KCSE, hasa za Kiingereza na za Kiswahili, ya kuingia baadaye Kenya School of Law, shule ya kuwaandaa mawakili, kwa hiyo msidharau lugha. Hesabu za bima na fedha, uhasibu pamoja na mitihani ya CPA na ACCA, nenda Strathmore bila kufikiri mara mbili. Ufamasia uko USIU. Saikolojia, uandishi wa habari, filamu, mahusiano ya kimataifa, mimi ningempeleka mtoto USIU. Mambo yanayobaki kugombaniwa ni biashara na kompyuta, maana vyuo vyote viwili vinavyo na vyote vinavifundisha vizuri. Hapo ndipo tabia ya mtoto inapoamua. Kwa kompyuta mimi naegemea Strathmore kidogo, kwa sababu ya ule mradi wa mwisho na kituo chao cha utafiti cha @iLabAfrica, ambako wanafunzi wanakutana na watu wanaojenga mifumo ya kweli. Kwa biashara, mtoto anayetaka kufanya kazi kwenye benki au kampuni ya ukaguzi wa hesabu ningempeleka Strathmore, na anayetaka kufanya biashara nje ya nchi au kuendelea na shahada ya pili ughaibuni ningempeleka USIU.

Hilo la ughaibuni lina uzito. Mfumo wa krediti na GPA unaeleweka moja kwa moja Marekani, na ithibati ile inafungua milango bila maelezo marefu. Huku nyumbani kinyume chake hutokea. Binti yangu alipoomba kazi Mombasa, bwana mmoja wa kampuni ya meli aliitazama karatasi yake akauliza, "Hii 3.4 ndiyo second upper?" Ilibidi amweleze. Tangazo la kazi la Kenya limezoea daraja la kwanza na la pili la juu, na wa Strathmore hawaulizwi swali hilo.

Pesa. Vyote viwili ni mamia ya maelfu ya shilingi kila mwaka kabla ya chumba, chakula na nauli. Tofauti ya karo kati yao inategemea kozi, na kwa maoni yangu si ya kumfanya mtu achague kimoja akaacha kingine. Kinachoweza kukuokoa au kukuzamisha ni miaka. Kijana anayemaliza kwa wakati kwenye chuo ghali ni nafuu kuliko anayerudia yuniti kwenye chuo rahisi. Kuanzia 2016 serikali ilikuwa ikipeleka wanafunzi vyuo vya kibinafsi na kuwalipia sehemu, lakini mfumo mpya wa 2023 uliliondoa hilo, na sasa anayechagua chuo cha kibinafsi hapati ufadhili wa serikali, anaweza kuomba mkopo wa HELB tu, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Ulizeni misaada ya ndani. Vyuo vyote viwili vina kazi za wanafunzi na ufadhili kwa wasiojiweza, na USIU imekuwa na mpango wa Mastercard Foundation unaolipia vijana wenye akili kutoka familia zisizo na uwezo. Ombeni mapema, karatasi zote zikiwa kamili. Chifu anaandika barua polepole.

Mimi nililipa kwa mkopo wa sacco ya walimu na kodi ya vyumba viwili alivyotuachia baba yao. Nasema hivi ili mzazi wa hali yangu asidhani haya ni mazungumzo ya matajiri. Inawezekana, lakini inataka hesabu ya miaka minne yote iandikwe kabla ya kulipa muhula wa kwanza.

Kabla hamjalipa, nendeni. Msiende siku ile ya kukaribisha wageni ambapo kila mtu anatabasamu na kuna soda. Pandeni treni ya asubuhi kutoka Miritini, kituo cha Mombasa, siku ya kazi ya kawaida, mlale Nairobi, asubuhi mwende Madaraka na mchana mwende Kasarani. Mwacheni mtoto aingie mkahawani peke yake. Akae karibu na wanafunzi wa mwaka wa tatu, na awaulize swali moja ambalo mimi naliona linazidi maswali yote ya ada na majengo: kati ya wale mlioanza nao, wangapi mtamaliza nao, na wale wengine wamekwenda wapi? Jibu la swali hilo, na namna wanavyotazamana kabla ya kulijibu, litakueleza mengi. Waulize pia mhadhiri wao akiandikiwa barua pepe anajibu baada ya muda gani. Baada ya hapo mtoto mwenyewe aseme wapi alijiona yupo.

Mwaka huu jirani yangu amepata barua za vyuo vyote viwili kwa binti yake. Ana A ya hesabu, ni mpole, anapanga vitabu vyake kwa urefu, na anataka kazi ya bima tangu kidato cha pili. Nimemwambia mamake ampeleke Strathmore, asihangaike na mimi tena. Mpwa wangu wa Malindi naye ana B+, anacheza kikapu, anaandika mashairi, amebadili mawazo ya kozi mara tatu tangu Desemba. Huyo nimemwambia dada yangu ampeleke USIU, amkalishe hosteli ya ndani mwaka mzima wa kwanza, na transkripti zije kwake.

Na kwa kuwa USIU huingiza wanafunzi zaidi ya mara moja kwa mwaka, mpwa wangu hana haja ya kukimbilia. Anaweza kukaa nyumbani miezi michache, akafanya kozi ya kompyuta, akaanza akiwa ametulia. Upande wa Strathmore ulizeni mtihani wa kuingia ni lini, mara tu matokeo yakitoka, na muulize kwa maandishi kanuni ya kurudishiwa pesa endapo mtoto atabadili nia kabla ya masomo kuanza. Ulizeni hilo kwa vyuo vyote viwili, na risiti iwekeni.